Je, Wajua? Mfupa wa Taya Hupandwa Ukaota

Hebu pitisha ulimi kwenye ufizi, hapo chini ya meno. Ule ukingo mgumu unaougusa uko hapo kwa ajili ya meno tu. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika nao huanza kuondoka, na hausubiri ruhusa yako!

Unadhani huondoka kidogo kidogo? Thubutu! Watafiti wa Denmark walipima mapengo ya wagonjwa kwa mwaka mzima, wakachapisha matokeo mwaka 2003: upana wa ukingo ulipungua kwa asilimia 50 hivi. Theluthi mbili ya hasara hiyo ilitokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo.

Sasa linganisha na mwanaanga. Akiwa huko juu bila uzito, mfupa wa nyonga yake hupungua kwa asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi, na madaktari wake wanahangaika kwelikweli. Wewe umekaa zako nyumbani na pengo moja la gego, na hapo penye pengo mfupa unakimbia kuliko wa mtu aliye angani!

Anayeula mfupa huo unamjua? Ni mwili wako mwenyewe. Ndani yake mna seli zinazomwaga asidi juu ya mfupa zikauyeyusha, na nyuma yake huja seli nyingine za kujenga. Wabomoaji humaliza sehemu yao kwa wiki 3 hivi. Wajenzi huhitaji miezi 3 hadi 4 kupaziba palepale.

Kazi hiyo haikomi mpaka kaburini. Kila miaka 10 hivi mtu mzima huwa amekarabatiwa karibu mifupa yake yote. Piga hesabu mwenyewe umeshabadilisha mara ngapi.

Kwa nini basi ukingo wa taya usijirudie wenyewe? Kwa sababu mfupa unataka kazi. Julius Wolff, daktari wa Berlin, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaoubeba. Mtazame mcheza tenisi: mfupa wa mkono anaoshikia raketi ni mnene kuliko wa mkono wa pili.

Na mzigo wa kutafuna si mchezo. Magego ya mtu mzima mwenye afya, akiyabana kwa nguvu zake zote, hufikisha kilo 50 hadi 70. Muwa una haki ya kupasuka!

Ulijua kwamba jino halijaganda kwenye mfupa? Kati yake na mfupa kuna nyuzi laini zenye unene wa milimita 0.2 hivi, ndizo zinazolishika na ndizo zinazopitisha damu. Siku ya kung'oa nyuzi hizo hukatika, na mfupa hupoteza chakula na kazi kwa pamoja.

Ukuta wa mfupa ulioko mbele ya meno yako ya juu, upande wa mdomo, kwa watu wengi haufiki unene wa milimita 1. Ndiyo, hapo hapo unapotabasamu! Ukiondoka huo, ufizi unabonyea ndani na mdomo wa juu unakosa egemeo.

Wenye meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, sikilizeni. Mtafiti Antje Tallgren aliwafuatilia wavaaji kwa miaka 25, akachapisha mwaka 1972: ukingo wa taya la chini hupungua karibu mara 4 kuliko wa juu. Sasa unajua kwa nini seti ya juu ya babu imetulia na ya chini inacheza kila akifungua kinywa.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 7 ya watu wote wenye miaka 20 na kuendelea ni vibogoyo kabisa. Kwa waliofika miaka 60 ni asilimia 23. Karibu mmoja kati ya kila wanne!

Hata ikulu haikumwokoa mtu. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino 1. Ukisikia kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mbao, kataa: yalichongwa kwa meno ya kiboko na kuchanganywa na meno ya watu.

Huku kwetu mapengo mengine yalikuwa heshima. Waluo wa zamani waling'oa meno 6 ya mbele ya taya la chini, na Wamasai wakang'oa mawili ya katikati. Wamasai wanaeleza kwamba mgonjwa wa pepopunda, taya likikaza, angenyweshwa maziwa kupitia pengo hilo. Pengo lenye kazi!

Haya, sasa shika benchi vizuri, maana tunafika penyewe. Mfupa ulioondoka unaweza kurudishwa. Daktari huchukua punje zenye upana wa robo milimita hadi milimita 1, akazilowesha kwa damu yako, akazijaza penye upungufu, akafunika kwa utando na kushona. Mnaagana kwa miezi 4 hadi 6. Ukirudi, penye shimo pana mfupa!

Na punje zenyewe haziendi kuota. Hapo ndipo mimi hustaajabu kila mara! Zinasimama tu kama miti ya jukwaa la waashi, mishipa midogo ya damu ikapanda juu yake, na seli za ujenzi zikafuata nyuma. Aliyejenga ni wewe.

Utando wa kufunikia ni wa nini? Ni kwa sababu nyama ya ufizi hukua haraka kuliko mfupa. Ukiacha wazi, nyama itaingia shimoni kwanza na kukalia kiti cha mwenzake. Utando unaizuia nje, mfupa unapata nafasi ya kujivuta.

Utando wa kwanza kupata umaarufu, miaka ya 1980, ulitengenezwa kwa plastiki ileile ya makoti ya mvua ya Gore-Tex. Kweli kabisa! Siku hizi wengi hutumia utando wa kolajeni, protini ya wanyama, ambao mwili huuyeyusha wenyewe bila kurudi kwa daktari kuutoa.

Swali linalofuata nalijua: punje zinatoka wapi? Kwanza, kwa ng'ombe. Mfupa huchomwa kwenye joto la nyuzi 300 na kusafishwa kwa dawa kali hadi protini yote itoke, libaki gofu la madini tu lenye vitundu vyake vya asili. Kampuni maarufu zaidi kwa punje hizo, Geistlich ya Uswisi, ilianza mwaka 1851 ikitengeneza gundi kwa mifupa.

Punje hizo za ng'ombe haziishi upesi. Madaktari wamechukua sampuli ndogo kwa wagonjwa baada ya miaka 10 na wakazikuta bado zimo, zimezungukwa na mfupa hai wa mwenyewe. Mtu na ng'ombe wake, ndani ya taya moja!

Zipo pia punje za farasi, na zipo za nguruwe. Utando mwingi wa kolajeni nao hutoka kwa nguruwe. Muislamu atauliza, Mhindu ataulizia ya ng'ombe, na wote wana haki. Uliza kabla ya sindano ya ganzi, wakati ulimi bado ni wako. Njia nyingine zipo.

Kwa mfano, bahari! Matumbawe yana vitundu vinavyofanana sana na vya mfupa wa ndani. Mwaka 1974 Della Roy na mwenzake Linnehan, huko Marekani, walionyesha kwamba matumbawe yakipikwa kwa joto na shinikizo pamoja na dawa ya fosfeti, chokaa yake hugeuka kuwa madini ya mfupa huku vitundu vikibaki vilevile.

Na unajua ni matumbawe gani hutumika kwa kazi hiyo? Jamii ya Porites. Hayohayo ndiyo mafundi wa Kilwa na Gedi waliyachonga yakiwa bado mabichi na laini, wakatengeneza mihirabu na fremu za milango ya mawe. Kumbe mihirabu ya Waswahili na mataya ya watu vimefanyiwa kazi kwa mali moja!

Hata kioo kinafaa. Mwaka 1967 Larry Hench, mtaalamu wa vioo na vyungu, alikuwa ndani ya basi akielekea mkutanoni, akakaa karibu na kanali aliyetoka vita vya Vietnam. Kanali alikuwa ameona viungo vingi mno vikikatwa, akamuuliza: huwezi kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa?

Hench alirudi Florida akafanya majaribio, na mwaka 1969 akapata kioo chenye chokaa na fosfeti. Vipande vyake vikawekwa kwenye mifupa ya panya. Wiki 6 baadaye daktari aliyekuwa akifanya jaribio akamletea habari: havitoki! Vimeshikana na mfupa, ukivuta havitoki.

Kioo cha jamii hiyo leo husagwa kikajazwa kwenye upungufu wa taya. Na kama meno yako yanashtuka kwa maji baridi, huenda umeshakipigia mswaki: kimo katika baadhi ya dawa za meno za kutuliza ganzi ya baridi.

Hili la kukataa kutoka lina mkubwa wake, ngoja nikupe. Mwaka 1668 kilichapwa kitabu cha Job van Meekeren, daktari mpasuaji wa Uholanzi, chenye kisa cha bwana mkubwa wa Urusi aliyepasuliwa fuvu. Pengo la fuvu likazibwa kwa kipande cha mfupa wa mbwa. Akapona! Kanisa likasema mkristo hawezi kutembea na mfupa wa mbwa kichwani, likamtenga. Akaomba kitolewe ili arudi kundini. Madaktari kutazama: kimeshashikana, hakitoki.

Mfupa wa mtu mwingine nao hutumika. Mnamo mwaka 1880 William Macewen wa Glasgow alimjengea mtoto mfupa wa mkono kwa vipande alivyovitoa kwenye miguu ya watoto wengine aliokuwa akiwanyosha matege. Matege ya mmoja, mkono wa mwingine!

Jeshi la majini la Marekani lilianzisha benki ya mifupa na tishu mwaka 1949, huko Bethesda. Mfupa wa marehemu aliyetoa ridhaa husafishwa, hukaushwa kwa baridi kali, ukakaa kwenye kichupa miaka kadhaa ukingoja mwenye shida.

Sasa fanya jaribio moja nyumbani, usiniache peke yangu. Chukua mfupa wa paja la kuku, uusafishe, uuzamishe kwenye siki siku kadhaa. Siki itayeyusha madini, utabaki mfupa unaopindika bila kuvunjika!

Ukicheka hapo, jua kwamba Marshall Urist wa Los Angeles alifanya jambo la namna hiyo kwa asidi kali zaidi, kisha akapachika mfupa huo laini katikati ya msuli wa mnyama. Mfupa mpya ukaota ndani ya nyama, mahali ambapo mfupa haujawahi kuwepo! Alichapisha mwaka 1965. Ndani ya mfupa mlikuwa na protini inayoamrisha: jengeni.

Protini hiyo leo hutengenezwa kiwandani. Mwaka 2007 Marekani iliruhusu itumike kinywani: inaloweshwa kwenye sifongo ya kolajeni, sifongo inawekwa tayani, na seli zako zinapokea amri.

Lakini malkia wa punje zote, kwa maoni ya madaktari wengi, ni mfupa wako mwenyewe, kwa kuwa unakuja na seli zake zilizo hai. Hukatwa kidevuni, au nyuma ya gego la mwisho, au nyongani. Aliyekatwa nyongani huchechemea siku kadhaa, na ukimuuliza anaumwa nini atakujibu: meno!

Usiondoke, bado. Hata jino lenyewe lililong'olewa laweza kurudi lilikotoka. Husafishwa, husagwa kwenye kimashine kidogo, hutiwa dawa ya kuua vijidudu, na unga wake hujazwa palepale, pengine katika kikao hichohicho. Dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino, na mfupa ni ndugu wa damu, madini yao ni yale yale.

Na damu yako? Inatumika pia. Mfaransa Joseph Choukroun alieleza njia hii mwaka 2001: damu huchotwa mkononi, huzungushwa mashineni kwa kasi ya mizunguko karibu 3,000 kwa dakika, kwa dakika 10 au 12, bila dawa yoyote. Katikati ya chupa hujitenga donge la rangi ya manjano, laini, linalovutika. Daktari hulibana likawa utando, akalifunikia kidonda. Ukiliona kwa macho huamini kwamba dakika chache zilizopita lilikuwa likizunguka mwilini mwako.

Umewahi kusikia mfupa ukivutwa? Gavriil Ilizarov, daktari wa Siberia, alianza miaka ya 1950 kurefusha miguu kwa vifaa alivyoviunda, spoku za baiskeli zikiwemo. Ukikata mfupa na kuvitenga vipande viwili polepole, milimita 1 kwa siku, mwili hujaza nafasi kwa mfupa mpya. Miaka ya 1990 mbinu hiyo iliingia kinywani: kikorokoro kidogo hufungwa tayani, na mgonjwa mwenyewe hukaza skrubu yake kila siku nyumbani. Mfupa unapanda!

Sasa gusa shavu lako, chini ya jicho. Ndani yake kuna chumba kitupu cha hewa, sainasi, cha ujazo wa mililita 15 hivi kwa mtu mzima. Vijiko 3 vya chai. Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya magego yako ya juu.

Magego hayo yakitoka, sakafu huanza kushuka. Juu sainasi inatanuka, chini ukingo unaliwa, na mfupa wa katikati hubaki milimita chache tu, wakati mwingine 2 au 1. Hapo hapashiki kitu. Hilt Tatum wa Alabama, Marekani, ndiye aliyeanza miaka ya 1970 kuinua sakafu yenyewe.

Nikusogeze karibu uone inavyofanyika, maana mimi sijui kazi ya mikono iliyo nzuri kuliko hii. Ganzi ikishakolea, daktari hufunua ufizi na kukata kidirisha kwenye ukuta wa mfupa, ubavuni. Nyuma ya kidirisha kuna ngozi ya ndani ya sainasi, isiyofika hata milimita 1, ikipanda na kushuka kwa pumzi ya mgonjwa. Anaiachanisha na mfupa pole pole kwa kijiko kidogo, pembeni kwanza, kisha chini, kisha juu, bila kuitoboa. Ikishainuka, punje zinajazwa chini yake.

Wanafunzi wanaojifunza kazi hiyo huanzia kwenye yai bichi! Wanakata dirisha kwenye ganda, kisha wanaachanisha ule utando mweupe wa ndani bila kuupasua. Ute ukimwagika, umefeli, leta yai jingine. Baada ya hapo hupewa kichwa cha kondoo au mbuzi.

Kuna chombo kinachokata mfupa kisikate nyama. Kweli! Hutetemeka mara zaidi ya 25,000 kwa sekunde, kwa mwendo mdogo mno, na Muitalia Tomaso Vercellotti ndiye aliyekipigia debe katika kazi za taya. Mfupa mgumu unakatika. Nyama laini inatetemeka nacho, inabaki salama.

Ukishainuliwa sainasi, huruhusiwi kupenga kamasi kwa nguvu kwa wiki kadhaa. Chafya ikija, fungua kinywa uiachie! Ukiibana, presha yake yaweza kupasua ule utando na kutawanya punje. Mrija wa soda nao weka kando. Kisha subiri miezi 6 hadi 9.

Kabla ya yote hayo taya hupigwa picha. Otto Walkhoff wa Ujerumani alipiga eksirei ya kwanza ya meno Januari 1896, wiki chache tu baada ya mwanafizikia Röntgen kutangaza ugunduzi wa miale hiyo. Meno yalikuwa yake mwenyewe, na alilala bila kutikisika kwa dakika 25. Leo mashine inakuzunguka kichwa kwa sekunde chache tu na kumwonyesha daktari mfupa wako pande zote, milimita kwa milimita.

Anachotafuta kwenye picha ya taya la chini ni mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa, kama waya uliofukiwa ukutani. Kipandikizi hutakiwa kikae mbali nao kwa milimita 2 hivi. Ukiguswa huo, mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi, na huenda isitoke.

Kipandikizi ni nini? Ni skrubu ya titaniamu ya urefu wa milimita 8 hadi 13 hivi, inayochukua nafasi ya mzizi. Mfupa ukishajengwa, skrubu inakazwa ndani, inaachwa miezi 3 hadi 6, kisha jino la kutafunia linafungwa juu yake.

Kutoboa kwenyewe kuna sharti kali. Watafiti wa Sweden walithibitisha miaka ya 1980 kwamba mfupa ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 tu, unaumia. Maji ya moto ya kuoga yanakaribia hapo! Kwa hiyo keekee huzunguka taratibu huku maji baridi ya chumvi yakimiminika muda wote.

Iligunduliwaje kwamba titaniamu hushikana na mfupa? Kwa sungura! Mwaka 1952 huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa, akaingiza kidude cha titaniamu kwenye mguu wa sungura. Kazi ilipokwisha alitaka kidude chake, maana kilikuwa cha gharama. Hakitoki! Mfupa ulikuwa umekishika. Huyu na yule wa kioo na yule wa mbwa wangekaa meza moja wangeelewana.

Mwaka 1965, mwaka uleule wa Urist na nyama yake iliyoota mfupa, Brånemark alimwekea Gösta Larsson skrubu za titaniamu kwenye taya la chini. Bwana huyo alizaliwa na taya lenye kasoro, kula na kusema vilimtaabisha. Alifariki mwaka 2006, na vipandikizi vyake vilikuwa bado kazini. Miaka zaidi ya 40!

Walimwengu walichelewa kumwamini Brånemark. Ilipita miaka 17 mpaka mkutano wa Toronto wa 1982, ambapo madaktari wa Amerika Kaskazini walioneshwa ushahidi wake wote na wakakubali. Leo, kwa tafiti nyingi, zaidi ya vipandikizi 9 katika 10 huwa bado vimesimama baada ya miaka 10.

Titaniamu hiyo hatuko mbali nayo. Mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulichimbwa madini yake kwa zaidi ya miaka 10 hadi Desemba 2024. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa poda nyeupe ya rangi za ukutani, na poda hiyo imo pia kwenye dawa nyingi za meno. Umeipigia mswaki mara ngapi bila kujua?

Wapo wasio na mfupa wa kutosha kabisa huko juu na hawataki kusubiri kupandikizwa. Kwao Brånemark huyohuyo alibuni skrubu ya sentimita 3 hadi 5, inayotoka kinywani ikapanda mpaka kwenye mfupa wa shavu, karibu na jicho. Pima hiyo kwa kidole chako!

Mvutaji wa sigara, samahani, yako ni haya: vipandikizi vya wavutaji hushindwa karibu mara 2 kuliko vya wasiovuta. Moshi hubana mishipa midogo ya damu, na bila damu jukwaa la punje halipandwi na mtu. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huchelewesha kupona.

Na ukiwa unameza dawa za kuimarisha mifupa, au umetibiwa saratani iliyofika mifupani, mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo. Mwaka 2003 Robert Marx wa Miami alitoa taarifa ya wagonjwa 36 ambao taya lao lilikufa na kujitokeza nje ya ufizi kwa sababu ya dawa hizo. Baadhi yake hukaa ndani ya mfupa miaka zaidi ya 10 tangu kidonge cha mwisho.

Hili nakuomba ulibebe kabisa: siku unayokwenda kung'oa ndiyo siku ya kuuliza habari za mfupa. Tundu bichi likijazwa punje palepale, ukingo mwingi unaokolewa, na kazi ya baadaye inakuwa ndogo na ya bei nafuu. Ukirudi baada ya miaka 5, daktari anaanza kutafuta mfupa nyongani mwako!

Unafikiri haya yote ni ya juzi? Mwaka 1931 huko Honduras, Wilson Popenoe na mkewe Dorothy walifukua kipande cha taya la mtu wa kale, la miaka ya 600 hivi. Mahali pa meno 3 ya mbele palikuwa na vipande vya kombe la baharini vilivyochongwa umbo la jino. Watu wakadhani ni mapambo ya maiti. Mwaka 1970 Amadeo Bobbio akavipiga eksirei: mfupa ulikuwa umejijenga kuvizunguka! Mwenye taya alikuwa hai, na huenda alivitafunia.

Mamba anatucheka sisi sote. Meno yake yamekaa kwenye matundu ya mfupa kama yetu, lakini kila tundu huweza kubadilisha jino hata mara 50 maishani. Kwake hakuna pengo la kuliwa mfupa, maana jino la akiba liko chini linangoja zamu.

Na sisi tunaelekea huko! Huko Kyoto, Japani, timu ya Katsu Takahashi imetengeneza dawa inayozuia protini moja ambayo kazi yake ni kuzima uotaji wa meno. Panya waliota meno, na mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye meno yake yanakaribiana zaidi na ya binadamu, naye akaota. Mwaka 2024 wakaanza kuijaribu kwa wanaume 30 wa miaka 30 hadi 64, kila mmoja akiwa na pengo lake la gego.